Tarishi na Mlango wa Nje

Chaki Tarishi aliinunua kwa pesa yake mwenyewe. Serikali ilimpa koti la kaki, mfuko wa ngozi na baiskeli nyeusi nzito kama ndama, lakini chaki hakupewa, wala hakuna aliyemwambia aitumie. Aliitumia kwa sababu aliona haya kumshikia mtu mali yake kwa maneno matupu. Akiingia nyumbani kwa mdaiwa alisimama mbele ya kitu, akakichora mstari mmoja mfupi, akasema kwa sauti ya chini, "Hii korti imeshika." Kisha alikiandika kwenye karatasi, na kabla ya kwenda kwenye kitu kingine alimsomea mwenyewe alichoandika.

Nilifanya kazi naye miaka mingi, kwanza korti ya Kitale, halafu Bungoma tulipohamishwa wote wawili. Mimi nilikuwa karani na mkalimani, yeye tarishi. Kuanzia hakimu mzungu mpaka mfagiaji, sote tulimwita Tarishi tu, na leo nikijaribu kumpa jina naona kama ninamvika nguo ya mtu mwingine. Alizaliwa wapi, baba yake nani, sijui. Nilimuuliza mara moja akanijibu kwamba hayo hayaandikwi kwenye waranti.

Kazi yake watu waliichukia, na haki yao. Mtu akishindwa kulipa deni, na hakimu akishaamua, mdai alirudi kortini kuomba mali ya mdaiwa ishikwe iuzwe mnadani, au mshahara wake ukatwe huko huko kwa mwajiri. Mimi niliandika waranti nikiwa nimeketi kwenye kivuli. Yeye ndiye aliyepanda baiskeli na kwenda kutazamana na mtu, mkewe na watoto wake.

Sheria yenyewe mimi ndiye niliyemsomea. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na yeye alisoma Kiswahili tu, tena polepole, kidole kikitangulia. Mchana kesi zikiwa chache alivuta kiti akaniambia, "Karani, hebu tusome." Nilimfasiria sehemu ya kushika mali, naye alinirudisha nyuma. "Rudia hapo pa vyombo." Nikarudia: nguo za lazima za mdaiwa na mke na watoto haziguswi, vyombo vya kupikia haviguswi, kitanda na matandiko haviguswi, vifaa vya fundi haviguswi, jembe la mkulima haliguswi. Mshahara ukikatwa, ikatwe theluthi, zile theluthi mbili zibaki kwa mwenyewe ale. Nyumba ya mtu haiingiwi kabla ya jua kuchomoza wala baada ya kutua. Mlango wa nje, ukiwa umefungwa, hauvunjwi.

Mimi nilisoma hayo kama mtu anayesoma bei za sukari. Yeye alisikiliza mdomo wazi. Mwisho wa mwezi wa pili alikuwa ameyashika yote kichwani, na ukimkosesha neno moja anakurekebisha. Nilikuwa namcheka. Niliwaambia makarani wenzangu kwamba Tarishi amepata dini mpya.

Kitale kulikuwa na mzungu mwenye shamba la mahindi upande wa Endebess, mtu mrefu mwenye sauti ya kufukuza ndege. Dereva wake wa trekta alikuwa amehukumiwa deni, na Tarishi alipeleka amri kwamba mshahara wake ukatwe. Nilikwenda naye siku hiyo, kwa sababu amri ilikuwa ya Kiingereza na huenda ningehitajika. Mzungu aliisoma, akacheka, akamwita dereva.

"Wewe iko na deni? Basi. Mimi nakata yote. Miezi mitatu, hapana pesa."

Dereva aliinamisha kichwa. Mimi nilishaanza kugeuza baiskeli. Tarishi alivua kofia yake, akaishika mbele ya tumbo, akasema, "Bwana, hapana yote. Ni theluthi."

"Nini?"

"Theluthi moja, Bwana. Ukikata zaidi ya hiyo korti haijakutuma. Utakuwa umekata wewe mwenyewe."

Nilitazama chini nikingoja kiboko. Miaka hiyo mtu mweusi hakusimama kwenye ua wa mzungu na kumwambia hapana. Mzungu aliisoma ile karatasi tena, safari hii mpaka mwisho, akamwambia dereva arudi kazini. Alikata theluthi. Njiani nilimuuliza Tarishi kama hakuogopa, akaniambia aliogopa sana, ndiyo maana alishika kofia, mikono ipate kazi.

Msidhani alikuwa malaika. Kwenye bao alikuwa mwizi. Alikuwa na namna ya kukohoa na kupangusa ubao kwa wakati mmoja, na kete mbili zikahama nyumba. Ukimshika anakuapia Mungu kwamba ni upepo. Tumbaku ya kunusa alikopa kwa kila mtu na hakumlipa yeyote, na tulipomtania kwamba siku moja tutamwandikia waranti alisema tumbaku haina risiti. Hata hivyo chai ya mdaiwa hakuinywa, hata awe ameendesha baiskeli kutoka asubuhi. Alikuja na maji yake ndani ya kibuyu.

Na huruma yake haikuwa ya kupendelea maskini, kama watu walivyotaka. Kijana mmoja wa Bungoma, ameoa juzi, alishikiwa gramafoni. Mke alilia. Mimi mwenyewe nilimwambia Tarishi, "Si uache tu, bana, ni bibi harusi." Akanijibu kwamba gramafoni haipiki na haifuniki mtu usiku. Akaitia chaki. Halafu akamwambia yule bibi harusi kwamba jua bado lipo juu, apige sahani moja ya mwisho kama anapenda, naye akakaa kando ya mlango mpaka wimbo ukaisha, akafunga kifuniko kwa uangalifu na kuibeba kichwani.

Karibu na msikiti wa Bungoma alikaa mfanyabiashara wa ngozi ambaye wake zake hawakutoka mbele ya wanaume wageni. Sheria ilitaka wanawake wa namna hiyo wapewe nafasi ya kuondoka kwanza. Tarishi alipiga hodi, akaeleza, akageuka akaupa mlango mgongo. Wakatoka watatu, wamejifunika buibui. Wa mwisho alikuwa anatembea polepole, na kutoka chini ya buibui lake tukasikia saa inagonga, moja moja mpaka kumi.

Tarishi hakugeuka. "Mama," alisema akitazama barabara, "samahani. Ile saa ya ukutani imechoka kutembea. Naomba irudi ikapumzike." Mle chini ya buibui kikatoka kicheko, na saa ikarudi ukutani. Aliiandika. Mwenye nyumba alilipa deni kabla ya mnada, na kila Idi baada ya hapo alimpelekea Tarishi sahani ya pilau, ambayo aliila kwa sababu yule hakuwa mdaiwa tena.

Lakini habari ya mlango ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Muuza mahindi mmoja wa Kitale, aliyejua siku ya waranti, alijifungia ndani na familia yake. Tarishi alifika na askari mmoja. Askari akasema, "Si tupige teke tu, Mzee? Huu mlango ni mbao za sanduku."

"Mlango wa nje hauvunjwi."

"Na huyu mtu anatucheka ndani!"

"Acha acheke. Milango ya ndani, ukishaingia, ni mambo mengine. Ule wa nje afungue mwenyewe."

Akatafuta debe, akaligeuza, akakaa. Jua lilipotua aliondoka, kwa sababu usiku si wake. Asubuhi jua lilipochomoza alikuwa juu ya debe lake. Siku ya tatu mlango ulifunguka, na muuza mahindi alisimama pale na macho mekundu, akamwambia, "Ingia, Mzee. Wewe umenichosha kuliko deni." Nilimuuliza angengoja mpaka lini. Akasema hajui, hakuna mahali palipoandikwa.

Sasa nifike kwenye ng'ombe, maana nimezunguka vya kutosha.

Ilikuwa baada ya vita, tuko Bungoma. Mtu mmoja wa Cheptais, kule miteremko ya mlima, alihukumiwa deni la duka. Tarishi alipanda huko na waranti, akafika jua likiwa limeshainama. Kwetu, kama wasomaji wa huku wanavyojua, ng'ombe aliye kwenye boma la mtu si lazima awe wake. Unampa rafiki akufugie, hasa kama kwake majani ni mazuri. Yeye anakamua maziwa, wewe unabaki na ng'ombe na ndama. Majirani wote wanajua yupi ni wa nani. Mgeni hawezi kujua. Kwa hiyo Tarishi alikuwa na desturi yake: alimuuliza mwenye boma, kisha akaenda kuuliza majirani wawili.

Siku hiyo yule mdaiwa alikuwa na wageni. Wakwe watarajiwa walikuwa wameketi uani, wamekuja kuangalia mali kabla ya kukubali kumwoza mwanawe binti yao. Tarishi alinyosha kidole kwa ng'ombe mwekundu mwenye mimba. "Huyu analala hapa, lakini ni wa nani?" Mdaiwa aliwatazama wakwe, akasema, "Ni wangu. Hapa wote ni wangu." Jua lilikuwa limebakiza kidogo. Tarishi hakwenda kwa majirani. Alimtia chaki, akamfunga kamba, akashuka naye.

Ng'ombe alikuwa wa mjane mmoja wa karibu na Bungoma. Marehemu mume wake alimpeleka kwa rafiki yake huko mlimani, na huyo ndiye ng'ombe pekee aliyebaki baada ya mazishi. Mjane alipata habari haraka. Jumamosi saa sita kasoro alifika kortini, ametapakaa vumbi mpaka magotini, akanieleza yote kwa Kibukusu. Niliandika kila neno. Ilikuwa pingamizi safi, na kama ingefika mezani kwa hakimu, mnada wa Jumatatu ungesimamishwa. Lakini Jumamosi tulifunga saa sita, hakimu alikuwa ameshaondoka, na lori la kwenda harusini Kimilili lilikuwa linapiga honi barabarani. Nilimwambia mama aende nyumbani asiwe na wasiwasi. Karatasi niliitia kwenye mfuko wa koti, niipeleke Jumatatu asubuhi.

Harusi ilikuwa nzuri. Jumatatu nilivaa koti lingine.

Nilikumbuka Jumanne. Ng'ombe alikuwa amenunuliwa na mchinjaji, na nyama ilishauzwa. Jumatano mjane alikuja na kamba mpya mkononi, ya katani, ameisokota mwenyewe, amekuja kumchukua ng'ombe wake.

Walimleta mbele ya hakimu, na mkalimani ni mimi. Alisema, "Nilikuja Jumamosi. Nilimpa maneno kijana wa hapa, akayaandika, akaniambia niende nyumbani." Alisema hivyo akinitazama. Labda alidhani ninajua na nitamsaidia. Mimi nilimgeukia hakimu nikasema kwa Kiingereza kwamba huyu mama anasema alichelewa kuleta pingamizi.

Nimeyaandika maneno haya mara tatu na kuyakata mara tatu. Basi yabaki.

Hakimu alisikitika. Alieleza kwamba tarishi alitumwa na waranti halali na hana kosa. Mama akitaka amshtaki mtu wa Cheptais. Mtu wa Cheptais hakuwa amebakiwa na kitu ila jembe na sufuria. Nilimfasiria. Mama alisimama kidogo, akaikunja ile kamba, akaitia kwapani na kutoka.

Tarishi hakujua Kibukusu, lakini kamba aliiona. Jioni alikuja mezani kwangu. "Karani, niandikie barua kwa mtunza hazina."

"Ya nini?"

"Mshahara wangu ukatwe, alipwe yule mama. Mpaka bei ya ng'ombe itimie. Na ndama."

"Ndama gani? Hakuzaliwa!"

"Mimba ilionekana. Niliiona nikimfunga."

"Mzee, hakimu amesema huna kosa. Korti haikudai."

"Nilimuuliza mwenye boma, sikuuliza majirani. Mkono ulioshika kamba ni wangu." Akafikiri. "Andika theluthi. Zaidi ya theluthi mke wangu hatanielewa."

Nikaandika. Kwa mkono wangu huu, kwa mwandiko wangu mzuri wa kazi, niliandika barua ya kumkata mtu mshahara kwa kosa langu, naye akatia sahihi polepole, kidole kikitangulia. Ningeweza kusema hapo. Nilikuwa na watoto wawili, na karani aliyepotosha ushahidi hafukuzwi tu, anafungwa. Nikakausha wino.

Alikatwa mwaka mzima na ushee. Kila mwisho wa mwezi alipanda baiskeli na kumpelekea mama pesa kwa mkono, hakutaka kumtuma mtu. Mke wake alianza kuuza mandazi stesheni. Kwenye bao aliendelea kuniibia, na mimi nikaacha kumshika. Mwezi wa pili wa makato yake nilikwenda Kitale, nikajinunulia kofia ya rangi ya kijivu yenye utepe mweusi, kwenye duka la Mhindi, na kwa miaka mingi watu wa Bungoma walinijua kwa kofia hiyo hata kwa mbali.

Alistaafu. Mimi nilipanda cheo. Nilimwona sokoni mara moja moja, nikamwinulia kofia, nikapita haraka. Halafu nikasikia kwamba miguu yake imevimba hatoki tena. Siku moja mchana, bila kupanga, nikiwa nimetoka kununua misumari, baiskeli ilipinda kona ya kwake.

Nilimkuta ameketi ndani ya mlango uliokuwa wazi, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Alikuwa amekuwa mdogo. Tukaulizana hali, watoto, mvua. Mke wake akaleta uji. Nilishika kikombe nikasema, "Mzee, ile karatasi ya yule mama ilikuwa mfukoni mwangu."

Aliendelea kupukuchua mpaka akamaliza gunzi alilokuwa nalo. "Najua," akasema. "Mama mwenyewe alinieleza. Mwezi wa saba hivi wa makato, Kibukusu kilipoanza kuniingia. Nilikuwa ninakwenda kila mwezi, ananipa uji, tunaongea. Alinieleza kijana alivyoandika, na hata kwamba maneno yake uliyageuza mbele ya hakimu, hilo aliliona usoni mwako."

Hesabu hiyo niliifanya hapo hapo. Mwezi wa saba. Miezi mingine ilikuwa bado.

"Na ukaendelea kulipa?"

"Mkono ulikuwa wangu."

"Kwa nini hukuniambia? Tulikaa chumba kimoja! Tulicheza bao!" Nilikuwa karibu kumkasirikia, Mungu anisamehe.

Alinitazama kwa mshangao, kama siku zile nilipokosea kumsomea. "Karani, si wewe ulinisomea? Ulikuwa umefunga mlango. Mimi nilikaa nje."

Nililia. Sioni haya kuandika. Alinipa nafasi ya kulia, akageuza uso akatazama barabara, kama alivyofanya kwa wale wanawake wa buibui. Nilipotulia nikamwambia nataka kulipa, aniambie ni kiasi gani, nitampa yeye au nimpelekee mama. Akasema mama alishalipwa na ndama juu yake, na yeye hadai. Hata hivyo aliwaza. Akamwomba mkewe amletee ule mfuko wa ngozi.

Ndani mlikuwa na karatasi, penseli, na kipande cha chaki kilichobaki kama jino.

"Una kitanda?" akaniuliza.

"Ninacho."

"Hakiguswi. Sufuria, najua, haziguswi. Baiskeli ndiyo inakupeleka kazini, nitaiita kifaa cha fundi. Mshahara wako una watoto." Alininyoshea kidole kichwani. "Hiyo uliinunua lini?"

Alijua. Ilipita mbele ya meza yake kila asubuhi.

"Nguo za lazima hatugusi," akasema, "lakini nywele unazo."

Nikaivua nikampa kwa mikono miwili. Aliigeuza, akachora mstari mmoja mfupi kwenye utepe mweusi, akasema kwa sauti ya chini, "Hii korti imeshika." Kisha akaandika, kidole kikitangulia: kofia moja, ya kijivu, ya karani. Akanisomea. Akanipa karatasi.

Nilirudi mjini kichwa wazi, jua la saa tisa linanichoma utosini. Karibu na stesheni fundi wa cherehani, aliyekuwa na kesi kortini kwetu wiki ile, aliinua macho kutoka kwenye mashine na kunipigia kelele.

"Karani! Leo kofia iko wapi, umeibiwa?"

Wateja wake wawili waligeuka. Nilishuka baiskeli.

"Hapana," nikamwambia. "Korti imeshika. Nilikuwa na deni la ng'ombe." Nikasimama pale, nikawaeleza ni ng'ombe wa nani, na karatasi ilibaki mfukoni mwa nani.